Sababu ya Jenerali Wöss

Kwaru. Kwaru. Kimya kidogo, kisha kwaru tena.

Walburga alifumbua macho gizani akatega sikio. Panya hapana, panya wa nyumba ile aliwajua, walikuwa na haraka ya wezi. Huyu alikuwa anakwangua kitu taratibu, anapumzika, anakwangua tena, kama mtu asiyetaka kusikika. Kulikuwa kunakaribia kupambazuka, ingawa Februari katika vilima vile vya mizabibu haina haraka ya kuleta jua. Kando yake Vevi, binti yake wa miaka sita, alikuwa amelala chali, miguu yote miwili juu ya tumbo la mama yake. Walburga aliiondoa mmoja mmoja, akaifunika, akajitanda shali na kwenda sebuleni pekupeku.

Baba mkwe wake, Jenerali Kajetan Wöss, alikuwa ameketi mezani bila mshumaa. Alikuwa ameacha wazi mlango wa jiko la kupashia chumba moto, na kwa mwanga wa makaa alikuwa anachonga kalamu ya unyoya wa bata bukini. Unyoya ameubana kwa magoti, kisu kiko mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, uliobakiwa na kidole gumba na cha shahada tu, ulikuwa umelala juu ya karatasi nyeupe isiyo na hata nukta.

"Utajikata, baba."

"Nimeshajikata," mzee alisema. "Mara mbili. Rudi ukalale."

"Wanakuja leo."

"Najua wanakuja leo. Ndiyo maana najikata."

Walburga aliwasha mshumaa, akamnyang'anya kisu kwa upole kama anavyomnyang'anya Vevi mkasi, akamfunga kidole kwa kitambaa. Kisha akavuta kiti, akaketi, akaisogeza ile karatasi upande wake.

Wiki tatu nzima karatasi ile ilikuwa pale mezani, ikiondolewa wakati wa kula na kurudishwa baada ya kula. Nishani ya Malkia, ule msalaba mdogo mweupe ambao kila ofisa wa jeshi la Austria aliuota, haikuwa kitu cha kuletewa mtu nyumbani kwake. Iliombwa. Mwenye tendo alikaa chini akaandika mwenyewe alifanya nini, wapi, na kwa sababu gani. Tena liwe tendo ambalo hata asingelifanya, hakuna ambaye angemlaumu. Kisha aliwaita walioona kwa macho yao, maandishi yake yakasomwa mbele yao neno kwa neno, na wakikubali waliweka sahihi na mihuri. Hapo ndipo karatasi ilipokwenda Viena kwenye Baraza la Nishani. Kuna watu waliandika kurasa arobaini kwa ajili ya kumpiga risasi farasi mmoja. Kajetan Wöss, mtoto wa fundi mapipa aliyepanda hadi ujenerali, alikuwa hajawahi kuandika hata mstari. Na sasa Baraza lilikuwa limetangaza kwamba maombi ya vita vya juzi na Waprusia hayatapokelewa tena baada ya Pasaka.

Walburga hakuutaka msalaba kwa ajili ya msalaba. Mjini kulikuwa na nyumba ya masista waliofundisha mabinti kusoma, kuandika, hesabu na muziki. Mama Mkuu alikuwa amemwambia wazi, bila ubaya wowote: nafasi iko moja, watoto wanaoitaka ni wanne, na mjukuu wa mwenye Nishani atatangulia mbele ya wote. Walburga mwenyewe alijifunza herufi akiwa mtu mzima, jioni baada ya kazi, mumewe Lorenz akimchorea kwa kidole kwenye unga uliomwagwa mezani jikoni. Alijua maana ya kuchelewa. Hakutaka Vevi achelewe.

"Haya," alisema, akachovya kalamu. "Wewe sema, mimi naandika. Anza mwanzo."

"Mwanzo niliingia jeshini mwaka wa ishirini na tatu. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Baba alitaka nikae nitengeneze mapipa."

"La mapipa niandike?"

"Liache. Halafu vita vya Waturuki, kule kwenye vinamasi. Nilipewa uofisa."

"Kwa tendo gani?"

"Kwa kutokufa. Homa iliwamaliza maofisa wote wa kombania, nikawa mimi ndiye niliyebaki nimesimama. Usicheke, andika. Halafu Bohemia, nikawa kapteni. Vidole vilikwenda huko."

"Kwa upanga?"

"Kwa baridi. Andika baridi, maana shahidi wangu Meja Traunfels atataka iwe upanga."

Kalamu ilikwenda. Italia, ambako waliteka kilima kimoja mara tatu na kukipoteza mara tatu, na mara ya nne hakuna aliyekumbuka walikuwa wanakitakia nini. Kurudi Bohemia. Umeja, ukanali. Mzee alikuwa anaitoa miaka yake kama mtu anayemhesabia dobi nguo. Walburga, aliyeishi naye chini ya paa moja miaka saba, aliandika mambo ambayo hakuwa ameyasikia hata moja.

"Halafu wakagundua kwamba nafaa kwa kurudi nyuma," Jenerali alisema.

"Kurudi nyuma vipi?"

"Jeshi likishindwa linaondoka. Lazima awepo mtu wa kubaki mwisho, azuie adui, avuke mto wa mwisho, achome daraja. Watu wenye majina marefu hawaipendi kazi hiyo, haina picha ya kuchorwa. Basi ikawa yangu. Viena walinitania kwamba hakuna mtu aliyeyaona makalio ya jeshi la Malkia kama mimi. Askari waliniita Mzee Kinyumenyume. Waliniita kwa mapenzi, nadhani." Akakuna kidevu kwa kile kidole kilichofungwa kitambaa, akamwita Walburga kwa kifupi cha jina lake. "Madaraja kumi na saba, Burgl. Yote kumi na saba niliyachoma kwa wakati, si mapema kwa dakika, si nyuma kwa dakika. Hilo liandike. Hilo najivunia."

Walburga aliandika. Nje, mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Alijua daraja linalofuata ni lipi. Novemba ya mwaka wa hamsini na tisa, daraja la mbao kwenye mto mdogo mpakani mwa Silesia. Watu wote walilisifia: Jenerali Wöss aliamriwa alichome saa sita mchana, yeye akalishikilia hadi saa tisa, na katika saa hizo tatu magari ya farasi yaliyobeba majeruhi mia nne yalivuka na kuokoka. Hilo ndilo tendo la kuombea Nishani. Na ng'ambo ya mto ule ule, kwenye kinu cha kusagia nafaka, Luteni Lorenz Wöss alikuwa amebaki na kombania yake, na hakurudi. Majira ya kuchipua, Vevi akiwa na wiki mbili, ofisa mmoja wa Prusia mwenye ustaarabu alituma saa ya Lorenz na barua fupi: walimkuta kinuni, wakamzika kwa heshima.

Mkwewe alipokuja kumpa mkono wa pole alisema neno moja tu, akiwa bado amesimama mlangoni na theluji kwenye kofia: "Daraja nililichoma mimi." Walburga alilibeba neno hilo miaka yote. Alimpikia mzee supu, alimfulia, alimkatia nyama vipande vidogo kwa sababu ya mkono wake, na kila akimkatia nyama, neno lile lilikuwepo mezani.

"Daraja la kumi na nane," alisema sasa, sauti yake ikiwa ya kawaida. "Saa sita hadi saa tisa. Hapa wanataka sababu. Kwa nini hukulichoma ulipoambiwa?"

Jenerali alitazama makaa.

"Andika: Lorenz."

Kalamu ilisimama. Tone la wino likaanguka kwenye karatasi, likatanda.

"Sikuyajua yale magari," mzee aliendelea, polepole. "Watu wanasema niliyangoja. Hakuna aliyekuwa ameniambia kuna magari. Yalitokea tu kwenye ukungu karibu na saa saba. Mimi nilikuwa naitazama barabara ya kinuni. Ilipofika saa sita niliuona mwenge tayari mkononi mwa sajini, nikamwambia ngoja kidogo. Baadaye wakaja vijana kumi na wawili wa kombania yake, wanakimbia. Wakasema, Luteni yuko nyuma yetu, anakuja. Nikasema ngoja kidogo. Waprusia wakaleta mizinga juu ya kilima. Nikasema ngoja kidogo. Watu wangu thelathini na mmoja walikufa pale, wakiningojea mimi nimngojee mwanangu. Saa tisa nikaona mizinga ikikaa sawa, itapiga daraja lenyewe. Nikasema choma."

Kuni ilipasuka jikoni. Chumbani Vevi aligeuka kitandani, akagonga ukuta kwa kisigino.

"Miaka saba, baba," Walburga alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nilimngoja, au kwamba niliacha kumngoja?" Alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Sijui kama alikuwa hai wakati namngoja. Wala sijui kama alikuwa hai nilipochoma. Ile barua haikusema saa."

Walburga aliweka kalamu chini. Akanyoosha mkono, akauweka juu ya ule wenye vidole viwili, ukakaa hapo.

"Sasa unaona," Jenerali alisema. "Nishani ni ya mtu aliyefanya jambo kwa ajili ya utumishi. Mimi nilifanya kama mzee yeyote anayesimama getini mwanawe akichelewa. Nikiandika hivyo watatupa karatasi. Nikiandika vingine, ni uongo juu ya watu thelathini na mmoja. Ndiyo maana nilikuwa najikata. Lakini mtoto ni wako, na mwandishi ni wewe. Andika sababu yoyote unayotaka, Burgl. Mimi nitaweka muhuri."

Akainuka kwa kujisukuma mezani, akaenda kutafuta buti zake.

Wageni waliwasili jua likiwa limepanda kidogo. Meja Edmund Traunfels alitangulia kuingia, tumbo mbele, pua nyekundu kwa baridi, akileta ndani harufu ya farasi na marashi. Nyuma yake alikuja Sajini Prokop Zelinka kutoka Moravia, mrefu, mkimya, mguu wake wa kushoto ukiwa wa mti kuanzia goti.

"Nani kakaanga maandazi?" Meja aliuliza kabla hajavua kofia. "Kwaresima inaanza Jumatano, jamani, nina siku tano tu za kutenda dhambi. Burgl, mwanangu, unazidi kukonda, huyu mzee anakula chakula chako?"

"Yeye hali, anachungulia tu sahani," Walburga alisema.

"Ndivyo alivyokuwa hata vitani. Anavichungulia vita, vinaogopa, vinaondoka."

"Nilivichungulia mara nyingi kwa nyuma," Jenerali alisema akiwa kwenye kiti chake, na Meja akacheka hadi akakohoa.

Vevi alikuwa amekwisha kujisogeza karibu na Sajini, anautazama ule mguu bila aibu.

"Mguu wako mwingine uko wapi?"

"Vevi," mama yake alisema.

"Muache, bibi. Uko Silesia," Sajini alimjibu mtoto. "Unalinda daraja."

"Peke yake?"

"Peke yake. Lakini una kiatu kizuri."

Vevi alilifikiria jambo hilo, akaona linaridhisha, akampa Sajini nusu ya andazi lake, ile ambayo jamu ya plamu ilikuwa imekwisha kulambwa.

Meja alitoa kifuani karatasi iliyokunjwa vizuri. "Najua huyu bwana. Nilijua hatakuwa ameandika kitu. Kwa hiyo nimemrahisishia. Sikilizeni sehemu ya sababu." Akaisogeza mbali na macho. "'Kwa kuona mbali, na akiwa na utukufu wa Taji pekee moyoni mwake, Jenerali Wöss alitambua kwamba majeruhi mia nne wangepotea, akaamua, kwa uamuzi wake mwenyewe, kuuhatarisha uhai wake.' Eh? Inatiririka. Niliisoma kwa mke wangu akalia, na mke wangu halii bure, ni binti wa mwanasheria."

"Walburga ndiye anayeandika," Jenerali alisema. "Nimemwachia."

Meja alimtazama Walburga, akamtazama mzee, akaelewa kwamba kuna kitu. Walburga alipokwenda jikoni kugeuza maandazi, alimfuata hadi mlangoni.

"Amekwambia habari ya Lorenz," Meja alisema, sasa sauti imeshuka. "Mimi alinidokezea mara moja, mvinyo ukiwa umemzidi. Sikiliza, mwanangu. Mimi nilikuwa kwenye gari la tatu, risasi pajani, nimelazwa juu ya kanali mmoja aliyekuwa anasali kwa Kilatini na kutukana kwa Kijerumani. Lile daraja lingechomwa saa sita, leo ningekuwa udongo. Unadhani nilijali Kajetan alikuwa anamngoja nani? Andika kama nilivyoandika. Hakuna aliyeumia. Mtoto atakwenda kwa masista. Baraza watasoma sababu kama hii mia kwa mwaka, wanazijua, wanazipenda. Ukiwaletea mzazi aliyekuwa anamngoja mwanawe, watasema huyo hakuwa jenerali, alikuwa baba, na kwa ubaba hakuna nishani."

"Nimekusikia, Meja."

"Unisikie kweli. Mzee hana miaka mingi." Akachukua andazi la moto, likamuunguza, akahamisha kutoka mkono huu kwenda huu huku akirudi sebuleni.

Walburga alibaki na uma wake juu ya mafuta. Maneno ya Meja hayakuwa mabaya. Kila neno lilikuwa na mahali pake, na mwisho wa yote alikuwepo Vevi, amevaa aproni nyeupe, ameshika kitabu. Alimwona kabisa. Kisha akamwona Vevi huyo huyo mkubwa zaidi, ana miaka ishirini, anajua kusoma barabara, anafungua sanduku la mama yake na kukuta nakala ya maombi haya. Mwandiko wa mama. Siku aliyofariki baba. Na ndani yake utukufu wa Taji.

Sajini Zelinka aliingia kuomba maji ya kunywa. Alipokuwa anakunywa, Walburga alimwuliza bila kugeuka: "Sajini, ule mwenge siku ile ulikuwa kwako?"

"Ulikuwa kwangu, bibi."

"Mlijua anachongoja?"

Sajini aliweka kikombe chini.

"Kila mtu pale alijua. Jenerali alikuwa hatazami saa yake kamwe, alikuwa na saa kichwani. Siku ile aliitoa mfukoni nadhani mara hamsini. Na alikuwa haangalii adui, anaangalia ile barabara ya kinuni. Mjinga tu ndiye asingejua."

"Hamkukasirika?"

"Wengine walikasirika. Mimi nilikasirika baadaye, daktari aliposhika msumeno. Nilimtukana Jenerali, nikamtukana na mama yake." Akafuta mdomo. "Lakini pale darajani, hapana. Nimekaa jeshini miaka kumi na tisa, bibi. Kila siku unaambiwa simama hapa, na sababu yake iko Viena, iko kwenye mfuko wa mtu usiyemjua. Siku ile sababu niliiona kwa macho. Ilikuwa barabara, na kijana atakayetokea. Hata wale waliokufa walikuwa wanaitazama barabara ileile. Dominik, rafiki yangu, aliniambia, 'Prokop, nikimwona Luteni kabla yako nakunywa mvinyo wako.' Hilo ndilo neno lake la mwisho. Sasa nasikia Meja anasema tulikuwa tunatazama utukufu." Akatikisa kichwa. "Mimi nitasaini tu, Meja ni mtu mwema. Lakini Dominik hakuwa anautazama huo."

Alirudi sebuleni, mguu wa mti ukigonga sakafu. Walburga aliepua mafuta motoni, akanawa mikono, akaikausha vizuri, kwa sababu karatasi nzuri haipendi mafuta.

Aliandika kwa muda mrefu. Sebuleni Meja alijaribu kumfundisha Vevi kucheza karata, na Vevi alikuwa anamshinda kwa kuchungulia. Jenerali alikuwa amekaa kwenye kiti chake kama mtu anayengoja kinyozi. Hakuna aliyemharakisha mwandishi. Alipomaliza, Walburga alinyunyiza mchanga juu ya wino, akaupuliza, akasimama. Utaratibu ulikuwa msomaji asimame.

Alisoma mwaka wa ishirini na tatu. Alisoma homa, na baridi badala ya upanga, na Meja akaguna. Alisoma kilima cha Italia. Alisoma madaraja kumi na saba yaliyochomwa kwa wakati, na Sajini akaitikia kwa kichwa kila moja, kana kwamba anayaona. Kisha akafika mahali pa sababu, na sauti yake ikapungua kidogo, si kwa hofu bali kwa sababu alitaka kuisikia mwenyewe.

"'Niliamriwa nichome daraja saa sita. Sikulichoma. Mwanangu Luteni Lorenz Wöss alikuwa kinuni na watu wake wakizuia adui, nikamngoja. Nilipokuwa namngoja walivuka watu wake kumi na wawili, na magari ya majeruhi mia nne ambayo sikuyajua. Askari wangu thelathini na mmoja walikufa pale, na majina yao nimeyaandika hapa chini. Wao walijua nangoja nini, na hawakuondoka. Ikiwa Baraza linaona kuna ushujaa katika jambo hili, basi ni wa hao kwanza. Saa tisa nililichoma daraja. Lorenz hakuwa amefika.'"

Kisha alifika kwenye majina. Alikuwa ameandika moja tu na kuyaachia mengine nafasi, na baada ya kulisoma hilo, la Dominik, alisimama akamtazama mkwewe. Mzee aliyataja yaliyobaki, macho amefumba, bila kusita hata kwa moja, na Walburga akayaandika akiwa amesimama, ameinamia meza. Ilichukua muda. Mwisho wake shati la Jenerali lilikuwa limelowa machozi kwenye kola, na hakuyafuta.

"Umeharibu, Burgl," Meja alisema taratibu. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeona kuku wake akikanyagwa na gari. "Umeandika vizuri, lakini umeharibu. Na mtoto je?"

"Mtoto nitaendelea kumpigia hodi kwa Mama Mkuu," Walburga alisema. "Wakikataa mwaka huu nitarudi mwaka kesho. Mpaka hapo nitamfundisha ninachokijua, na nikifika mwisho wa ninachokijua tutajifunza wote wawili. Lakini akishajua kusoma, Meja, hiki ndicho nataka akisome."

Jenerali aliuchukua muhuri wake kwa mkono wa kushoto, akautia juu ya lakiri ya moto, ukakaa upande kidogo. Akaupeleka mkono ule wa vidole viwili begani kwa mkwewe, akauacha hapo muda ambao hakuwahi kuuacha.

Sajini Zelinka alisaini wa pili, jina lake kamili, herufi kubwa kama za mtoto, na chini yake akaandika: *mwenge ulikuwa kwangu.*

Ikabaki zamu ya Meja. Aliishika kalamu, akaiweka. Akaisogeza karatasi yake nzuri inayotiririka, akaitazama kwa huzuni ya kweli, akaikunja na kuirudisha kifuani. Kisha akasaini haraka, kama mtu anayeruka mfereji, akadondosha lakiri, akabonyeza pete yake.

"Kanali yule wa Kilatini angenicheka," alisema. Akauinua mkono, akaitazama mihuri miwili, akapuliza. "Haya, imekwenda. Sasa wazee wa Baraza, na mawigi yao, wataelewa nini hapa?"

Hakuwa anamwuliza mtu. Lakini Vevi, aliyekuwa amepiga magoti juu ya kiti na karata mkononi, jamu kidevuni, aliiteremsha karata yake mezani.

"Babu alimngoja baba yangu," alisema.